Umetoa advansi ya pikipiki afu ukakuta umedanganywa: wenyewe kwa wenyewe, serikali ya mtaa, polisi au mahakama ya mwanzo?

Hadithi huwa ni ileile. Mtu kaona Boxer au TVS iliyotumika inauzwa, picha kali, bei inashawishi, kaambiwa "kaka ukichelewa kuna jamaa anakuja kuichukua jioni", basi katuma laki tatu au laki tano ya kishika uchumba, siku ya kwenda na fundi ndo anakuta kitu kingine kabisa. Akiuliza afanyeje anapewa majibu matatu, huyu anamwambia kamkamatishe polisi, yule anamwambia kishika uchumba hakirudi we sahau, mwingine anamwambia tafuta wakili. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi na kila mmoja anaweza kuwa anampoteza, mana hawajamuuliza mambo mawili ya msingi: uongo wenyewe ulihusu nini, na muuzaji unajua anapolala au una namba yake ya simu tu.

Naongelea Tanzania hapa, Kenya wana utaratibu wao na mahakama zao za madai madogo.

Uongo haulingani

Kuna uongo wa umiliki na kuna uongo wa hali ya chombo. Wa umiliki ni pale pikipiki sio yake kabisa, au ya wizi, au ni ya mkataba, yaani dereva anaipelekea hesabu bosi kila siku na hajamaliza, ila yeye kaamua kuiuza kimyakimya. Au ipo kwenye mkopo na kadi imeshikiliwa na waliomkopesha, we unaonyeshwa kopi tu unaambiwa "original ipo kwa mama Morogoro". Wa hali ni ule wa "mashine haijawahi kufunguliwa", "ilikuwa ya kwendea kazini haijapiga boda hata siku moja", kumbe mita imeshachezewa na injini inakula oili.

Ukienda kukagua anza na namba. Chesisi namba imegongwa kwenye shingo ya fremu pale usukani unapoingilia, injini namba ipo kwenye mwili wa injini huku chini, mara nyingi imefunikwa na grisi na vumbi. Chukua tambara lenye petroli kidogo ufute, afu soma tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi. Kama imechezewa utaona, tarakimu moja imekaa juu kuliko wenzake, na pale zilipogongwa chuma kinang'aa kimelainishwa kwa grinda wakati pembeni yake kuna kutu ya miaka. Afu shika injini kwa mkono kabla haijawashwa. Kama ni ya moto na yeye kakwambia ilikuwa imepaki tangu jana, ujue kaipasha makusudi ili usione moshi inaoutoa ikiwashwa ya baridi.

Ila usikurupuke, injini kubadilishwa sio lazima iwe wizi, pikipiki nyingi za boda zimebadilishwa injini, kinachotakiwa ni taarifa zifike TRA na kadi isome injini mpya. Kama hajafanya hivyo na alikwambia "kila kitu kipo sawa kwenye kadi", huo ni uongo ila sio lazima awe mwizi. Chesisi ikigoma kufanana na kadi hapo ndo pa kuogopa.

Nasisitiza hili la aina ya uongo kwasababu ndo linaloamua uelekee wapi. Ukienda polisi na kesi ya moshi wa bluu, yaani injini inayokula oili, utaambiwa hayo ni madai nenda mahakamani. Na ukienda kwa mjumbe na kesi ya pikipiki ya wizi unapoteza muda wakati chombo kinahamishwa mkoa.

Hii ya "kishika uchumba hakirudi"

Wauzaji wanaipenda hii sentensi. Ukweli ni kwamba kama we mwenyewe umebadili mawazo, umepata nyingine ya bei nafuu au hela ya kumalizia imekwama, hapo ana cha kusema, amekuwekea mzigo, kafukuza wateja wengine, na kama mliandikishana hairudi unaweza ukaikosa yote au sehemu. Lakini kama alikudanganya ukakubali kwa sababu ya ule uongo, ni habari nyingine. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaongelea udanganyifu kifungu cha 17 na maelezo yasiyo ya kweli kifungu cha 18, kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba, na mkataba ukivunjwa hivyo aliyepokea kitu anatakiwa akirudishe. Hata kama risiti imeandikwa HAIRUDISHWI kwa herufi kubwa, alioupata kwa kukudanganya ni mkataba ambao we una haki ya kuukataa.

Kuna mtego lakini. Sheria hiyohiyo inasema kunyamaza tu, kwa kawaida, hakuhesabiki kuwa udanganyifu. Yaani kama hukuuliza kuhusu injini na yeye akala buyu, una kazi kubwa. Na kama ni jambo ambalo ungeweza kuligundua kwa uangalifu wa kawaida tu, anaweza akalitumia dhidi yako. Ndo maana ile meseji aliyoandika kwa mkono wake "bosi mashine haijafunguliwa hii, nakuhakikishia" ina thamani kuliko fundi kumi watakaokuja kusema injini mbovu. Hapo hajanyamaza, amesema, na alichosema sio kweli.

Jambo lingine ambalo watu wanaliharibu wenyewe: usiichukue pikipiki. Wengi wakishagundua kasoro wanasema ah basi ngoja niende nayo nitaitengeneza afu nitamdai. Ukishaipokea na kuanza kuitumia mara nyingi unakuwa umehama kutoka kwenye "nirudishie hela yangu" kwenda kwenye "nilipe fidia ya kasoro", na fidia lazima uithibitishe shilingi kwa shilingi, spea hii bei gani, fundi kachukua ngapi. Ukiwa bado hujaichukua unadai hela yako tu.

Kumalizana wenyewe dhidi ya kwenda serikali ya mtaa

Kumalizana wenyewe ni bure na ni haraka, na kama muuzaji ni mtu mwenye duka lake au kijiwe chake au mnajuana kwa jina la baba, anza hapo. Shida yake ni moja, haina mwisho. Leo anakwambia hela nimeshaitumia nipe wiki, wiki ijayo kuna msiba, baadae anakwambia "nisubiri niiuze kwa mtu mwingine ndo nikupe yako". Hilo la mwisho mi silipendi kabisa, halina tarehe, afu maana yake hela yako inategemea kuna mwenzako mwingine auziwe mbuzi kwenye gunia.

Serikali ya mtaa watu wanaidharau kwasababu haina nguvu, na ni kweli, mwenyekiti wa mtaa hawezi kumkamatia mtu mali yake wala kumfunga. Nguvu yake ni mbili tofauti. Ya kwanza ni aibu, mtu anayeweza kukuzungusha kwa simu miezi miwili akiitwa na mjumbe mbele ya majirani zake anakuwa mpole ghafla. Ya pili ndo kubwa, karatasi. Mkikaa pale akakubali kwamba alipokea laki tano na atairudisha, mnaandika makubaliano, majina kamili, namba za NIDA, kiasi, tarehe ya kulipa, sahihi za wote na mashahidi, muhuri wa ofisi. Kuanzia hapo kesi yako imebadilika. Kabla ilikuwa ubishi wa injini ilifunguliwa au haikufunguliwa, fundi wako anasema hivi fundi wake anasema vile. Sasa ni deni, kaandika mwenyewe kwamba anadaiwa, na akishindwa tarehe ikifika unaenda mahakamani na karatasi moja badala ya kwenda na fundi.

Kwahiyo hata kama unaona kabisa huyu mtu hatalipa, kwa anayejulikana anapoishi mi bado ningepitia mtaani kwanza kwa ajili ya ile karatasi. Akiomba kulipa kwa awamu, kubali mbili, ya kwanza itoke palepale ofisini hata kama ni laki moja. Akitaka awamu tano anakuchosha tu mpaka uache. Na akija na wazo la "basi kaa na pikipiki mpaka nikupe hela yako", uliza kwanza ile chesisi. Kama chombo kina harufu ya wizi, siku askari wanakikuta kwako unaanza kujieleza we badala yake.

Inaposhindwa njia hii ni kwa mtu asiye na makazi, dalali wa kijiweni anayehamahama, au aliyekuuzia kwa simu yuko mkoa mwingine. Mjumbe wa Mbagala hana la kumfanya mtu wa Kahama.

Polisi dhidi ya mahakama ya mwanzo

Hapa ndo watu wanachanganya zaidi, mana wanadhani polisi ni njia ya haraka ya kudai. Polisi sio wakala wa kukusanya madeni, na wao wenyewe watakwambia. Kinachowahusu ni kosa la jinai, kwa kesi kama hizi huwa ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, ipo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, na kifungo chake kinafika mpaka miaka 7. Ila kifungu cha 301 kinaeleza uongo wa kujipatia mali ni uongo wa namna gani: ni wa jambo lililopita au lililopo, na anayesema anajua sio kweli au haamini kama ni kweli. "Pikipiki hii ni yangu" wakati ni ya bosi wake, hilo ni jambo lililopo na ni uongo, limeingia. "Kadi nitakuletea wiki ijayo" asipoleta, hiyo ni ahadi ya mbele, peke yake haitoshi. Ukiwa unatoa maelezo kituoni usiseme "aliniahidi hakutimiza", eleza alisema nini siku ile kuhusu kitu kilichokuwepo siku ile, na kwanini unaamini alijua sio kweli.

Uzuri wa polisi ni kwamba wanaweza kumtafuta mtu ambaye we huwezi, wana uwezo wa kuomba taarifa za laini na miamala, na kama pikipiki imeripotiwa kuibiwa watajua. RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyotoa kituoni, hailipiwi. Kwa uongo wa umiliki (ukiacha ile ya mkataba, nitaisema mwishoni) mi nasema nenda polisi siku hiyohiyo, hata kabla ya kuwaza hela, kwasababu pia unajilinda, unaacha kumbukumbu kwamba ulipogundua ulitoa taarifa.

Ubaya wake ni kwamba kesi ikishakuwa ya jinai sio yako tena, ni ya Jamhuri, we ni shahidi. Hela yako inaweza kurudi kwa namna mbili, aidha jamaa anaogopa analipa mapema (na hii hutokea sana, tusidanganyane), au anapatikana na hatia na mahakama inaamuru akulipe fidia. Hiyo ya pili inaweza kuchukua muda mrefu kweli. Na akiachiwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha usikate tamaa, jinai inataka kuthibitisha pasipo shaka, madai yanapimwa kwa mizani nyepesi zaidi, unaweza ukashindwa kule ukashinda huku.

Mahakama ya mwanzo sasa. Watu wanaiogopa kwa jina tu, wanadhani bila wakili huingii. Ni mahakama iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kujisemea wenyewe, inaendeshwa kwa Kiswahili, na kwa madai ya mali zinazohamishika uwezo wake unafika milioni 30, sasa advansi gani ya pikipiki itazidi hapo. Unafungua kule anakoishi mdaiwa au mlikofanyia biashara, unalipa ada ya kufungulia, na ukishinda unaomba urudishiwe na gharama. Anapelekewa wito, asipokuja na ikathibitika aliupata, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 kukata rufaa mahakama ya wilaya.

Gharama halisi ya njia hii ni siku za kwenda na kurudi. Leo hakimu ana dharura, mara ijayo mdaiwa kaleta cheti cha hospitali, na we unayeishi kwa kazi ya kutwa kila tarehe ni siku umepoteza. Kwa advansi ya laki moja na muuzaji yuko wilaya nyingine mi siendi mahakamani, nauli na siku zitameza hela yote. Kwa laki tano na mtu anayejulikana alipo, naenda. Na hukumu peke yake sio hela, akikaidi unarudi kuomba mahakama ikaze hukumu, mali zake zinaweza kukamatwa na kuuzwa, kwahiyo kabla ya kufungua jiulize huyu mtu ana nini. Dalali mwenye simu moja na kitanda cha kupanga hata ukimshinda utamkamatia nini.

Nani umshtaki? Hili linasumbua pale ambapo hela ilienda kwa dalali. Dalali anasema nimeshampa mwenye chombo, mwenye chombo anasema simjui huyu. Mwite aliyepokea hela na aliyetoa maneno ya uongo wote wawili, wakabishane mbele ya hakimu, sio we uwe katikati unatupwa kama mpira. Meseji ya muamala inaonyesha jina lililosajiliwa kwenye namba iliyopokea, na mara nyingi utakuta sio jina la mtu uliyekuwa unaongea nae, ni la shemeji yake huko. Usiifute hiyo meseji hata simu ikijaa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, printi mazungumzo na taarifa ya miamala, ila simu yenyewe yenye meseji baki nayo.

Njia mbili za pembeni

Kampuni ya simu. Watu wanakimbilia kupiga huduma kwa wateja wakidhani muamala utarudishwa. Ule utaratibu wa kurudisha ni wa hela iliyokosea namba, we hukukosea, ulituma kwa mtu uliyemkusudia, kwahiyo wengi wanajibiwa wakamalizane na aliyepokea au walete taarifa ya polisi. Bado piga kama ni dakika chache zimepita na umeshajua ni tapeli. Na namba yenyewe itume 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli, hela haitarudi kwa hiyo ila namba inaweza kufungiwa asitapeli mwingine.

Tume ya Ushindani, FCC, inakuhusu kama aliyekuuzia ni mfanyabiashara, yadi au duka linalouza pikipiki zilizotumika. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kupotosha wateja kwenye biashara. Mtu binafsi aliyeuza pikipiki yake moja haingii vizuri hapo. Kwa duka lakini barua tu ya kwamba utapeleka malalamiko huwa inasaidia, duka lina leseni na jina la kulinda, dalali wa kijiweni hana. Na duka lina jambo jingine la ziada, sheria ya mauzo ya bidhaa inambana zaidi muuzaji anayefanya biashara ya vitu hivyo kuhusu ubora kuliko mtu wa kawaida.

Wakili je? Kwa laki tano kumwajiri aendeshe kesi nzima haina hesabu. Kumlipa aandike barua moja ya madai ya siku 7 au 14, hiyo inaweza kulipa, kuna watu wakiona kichwa cha barua cha wakili wanatoa hela. Na kama hata hiyo huna, ulizia wasaidizi wa kisheria wilayani kwako, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure, watakuelekeza namna ya kufungua madai.

Mi ningechaguaje

Chesisi namba haifanani na kadi au kadi ya uongo, na muuzaji namjua au simjui: polisi, siku hiyohiyo. Injini mbovu aliyosema nzima, na namjua anapokaa: namwandikia, nampa siku chache, serikali ya mtaa nipate karatasi, afu mahakama ya mwanzo. Injini mbovu na simjui anapokaa, nina namba tu, hapa pagumu kuliko pote, barua huna pa kuipeleka na wito wa mahakama haumfikii. Kama jina la kwenye muamala sio lake au kitambulisho alichonipa ni feki hapo kuna la jinai na napeleka polisi, kama jina ni lake kweli naanza kumtafuta kupitia dalali, fundi wake, kijiwe alichopaki siku ile, mana pikipiki ina watu wanaoijua hata kama mwenyewe kajificha. Pikipiki ya mkataba dereva anauza bila bosi kujua, namtafuta bosi mwenye kadi kwanza kabla ya yeyote, yeye ana hasira kuliko mimi na anamjua dereva wake hadi kwao.

Njia yoyote utakayochukua, inaanza na meseji moja ya kuukataa ule mzigo, na wengi hawaiandiki, wanapiga simu wanagombana wanakata, hakuna ushahidi. Andika kitu kama hiki: "Kaka, leo nimekagua pikipiki MC fulani nikiwa na fundi. Uliniandikia tarehe fulani kwamba injini haijawahi kufunguliwa, tumekuta imefunguliwa na inakula oili. Sitaichukua. Naomba laki tano niliyokutumia irudi kwenye namba hii mpaka Ijumaa saa kumi jioni." Bila matusi, bila vitisho vya kumfunga. Itume WhatsApp na pia kwa meseji ya kawaida, afu piga skrinishoti ya zile alizokuandikia yeye kabla hujatuma ya kwako, mana akishaisoma cha kwanza atakachofanya ni kufuta zake.